Bolti za Mkwezi

Picha ya kichwa cha mzee mmoja ilikwama ikiwa imefika kwenye nyusi. Chini ya nyusi kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Daktari wa upasuaji, ambaye alikwisha kunawa na kuvaa glavu, alisimama mbele ya kioo hicho mikono ameiinua juu, maana haikuruhusiwa kugusa kitu, akangoja. Mzee mwenyewe alikuwa amelala mezani, amekwisha kupigwa sindano ya usingizi, hana habari. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi na saba asubuhi.

"Mwiteni Waya," daktari akasema.

Waya ni jina alilopewa na wauguzi, na halikuwa jina la heshima. Kazi ya huyo bwana ilikuwa kutunza mtambo ambao sifa yake kubwa ni kutotumia waya hata mmoja. Hospitali ilikuwa na majengo mawili: la zamani lenye vyumba vya upasuaji, na jipya lenye mashine za kupiga picha za ndani ya mwili. Katikati yake ilipita reli. Watu wa reli waliombwa ruhusa ya kuchimba mtaro wa kebo, wakakataa. Wakaombwa kebo ipite juu, wakakataa kwa barua ndefu zaidi. Ndipo kampuni moja, mwajiri wa Waya, ikaja na sahani mbili ndogo, kila moja ukubwa wa sahani ya wali, ikafunga moja juu ya kila jengo zikitazamana. Zilizungumza kwa mawimbi ya terahazi, ndugu wa mawimbi ya redio. Picha ambayo mtambo wa kawaida ungeisukuma kwa dakika kumi, sahani hizi ziliirusha kwa muda wa kupepesa jicho. Zilipokuwa na afya.

Na karibu kila asubuhi, kati ya saa nne na saa sita, hazikuwa na afya. Kwa hiyo Waya alifanya alichokuwa anakifanya kwa mwezi wa pili sasa. Alikimbilia jengo jipya, akanakili picha kwenye flashi, akapanda daraja la waenda kwa miguu lililovuka reli, ngazi sitini na nne za kupanda na sitini na nne za kushuka, akaingia jengo la zamani jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi.

"Kumbe mtambo mpya ndio wewe," daktari alisema alipoipokea flashi kupitia kwa muuguzi. "Mimi nilidhani ni ile sahani iliyoko juu ya paa."

Wauguzi wakacheka nyuma ya barakoa zao. Waya naye akacheka kidogo, kwa kuwa mtu anayehema hana namna nyingine ya kujibu. Mzee alipasuliwa akapona. Lakini katika kitabu cha chumba cha upasuaji iliandikwa: *mgonjwa amengojeshwa dakika thelathini na nane, sababu mtambo*, na chini yake Waya akatakiwa kutia sahihi.

Waya aliishi karibu na kazi yake kuliko mfanyakazi yeyote wa hospitali ile. Kati ya majengo mawili, upande mmoja wa reli, kulikuwa na nyumba ya ghorofa nne, na juu ya paa lake la zege vilijengwa vyumba viwili. Mkewe ndiye aliyekuwa mwangalizi wa nyumba hiyo. Kwa kazi ya kufagia ngazi na kujaza matangi ya maji alipewa vile vyumba viwili bila kodi, na paa lote lililobaki likawa mahali pake pa udobi. Watu walimwita Mama Pasi. Hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alikuwa na pasi ya mvuke, boila ya kuilisha, na mkataba wa kufua mashuka na magauni ya hospitali hiyo hiyo iliyokuwa inamkimbiza mumewe.

Ratiba yake ilikuwa kavu kama kalenda. Alfajiri kuloweka na kufua, saa mbili kuanika, saa tatu na nusu kuwasha boila, saa nne kuanza kupiga pasi, saa sita kufunga mafurushi. Jumapili alipumzika. Mvuke uliobaki ulitoka kwa bomba.

Bomba hilo lilikuwa na historia yake fupi. Mwanzoni lilikuwa fupi, likatemea mvuke pembeni, na mvuke ukawa unashuka hadi kwenye dirisha la mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne na kumlowanishia vitabu. Mwalimu aliandika barua kwa mwenye nyumba na nakala kwa Mama Pasi, kisha nyingine, kwa mwandiko wa kupendeza. Mwenye nyumba alikuja akasimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa na kusema, "Mama Pasi, barua ya tatu ikifika mezani kwangu, utatafuta paa jingine. Na vyumba pia."

Jumapili iliyofuata Waya alipanda na kipande cha mlingoti, mita tatu, kilichobaki baada ya kufunga sahani za hospitali. Alikiunganisha juu ya bomba, akakifunga kwa bolti nne, na mvuke ukaanza kwenda mbinguni moja kwa moja. Mama Pasi alifurahi, akamwandalia maji ya moto ya kuoga na kumsugua mgongo. Hakumuuliza kipande kimetoka wapi. Wote wawili walijua kina muhuri wa kampuni.

Siku hiyo sahani za hospitali zilikuwa zimekwisha kupimwa, njia kati yake imethibitishwa kuwa nyeupe, hakuna kitu kinachoizuia. Zilianza kazi wiki mbili baadaye.

Mhandisi alikuja kwa treni ya mchana kutoka makao makuu ya kampuni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, asiyependa kelele, na aliyeandika kila kitu kwa penseli. Alifika saa nane, akakuta sahani zinafanya kazi bila kikohozi. Akapanda juu ya jengo la zamani na Waya, wakakaa kivulini karibu na tangi.

"Fundi, nipe daftari lako," alisema.

Waya alimpa. Aliandika kila kukatika: tarehe, saa, dakika ngapi. Mhandisi alilipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Jumapili hakuna kitu."

"Hakuna."

"Usiku hakuna. Mchana hakuna. Saa nne hadi saa sita tu." Akagonga penseli kwenye goti. "Sikiliza nikwambie. Mawimbi haya ni hodari, lakini yana ugonjwa mmoja. Maji yanayameza. Si lazima iwe mvua. Unyevu tu, ukungu tu, yanadhoofika. Mwale wenyewe ni mwembamba. Ukiutia mvuke katikati, umeufumba macho. Sasa niambie, katika njia hii kuna jiko kubwa? Kiwanda? Chochote kinachotoa mvuke?"

Waya alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu siku kumi nyuma, alipokuwa amesimama pale pale na darubini saa nne na robo. Kwa kawaida mvuke wa mkewe haukuonekana kutoka upande huo, kwa sababu nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe wa jengo jipya, na cheupe hakionekani juu ya cheupe. Lakini asubuhi hiyo wingu jeusi lilikuwa limetanda nyuma ya jengo. Aliona kitu kama kitambaa chepesi kikitoka kwenye bomba alilolipandisha kwa mikono yake, kikipita mbele ya sahani ya pili, kikipotea, kikirudi. Akakaa chini juu ya zege.

Tangu hapo alikuwa anapiga hesabu. Akisema, bomba litashushwa. Likishushwa, mwalimu ataandika barua ya tatu, na pale ndipo mkewe alipolala, alipofua na alipopata riziki. Tena watauliza kipande cha mlingoti kilifikaje pale, na mwenye mkono mrefu hapewi ajira ya kudumu. Yeye bado alikuwa kwenye mkataba wa muda.

"Fundi?"

"Hakuna, mhandisi," Waya alisema. "Njia ni nyeupe."

Mhandisi alimwamini. Huu haukuwa ujinga. Alikuwa amefanya naye kazi miaka mitatu na hakuwahi kumkuta na uongo. Akafikiri kidogo. Chini yao garimoshi la mizigo lenye mabehewa matupu likapita, na paa likatetemeka kidogo chini ya makalio yao.

"Hili linapita saa ngapi asubuhi?"

"Moja saa nne, limejaa mzigo. Jingine saa tano na nusu, nalo limejaa."

"Jumapili?"

"Hayapiti."

Mhandisi akaandika. Uso wake ukawa mwepesi, kama mtu aliyeona kitasa kinakubali ufunguo. "Basi ni mtetemeko. Sahani inacheza. Mwale mwembamba namna hii, ukisogea unene wa kucha tu huku, kule umekosa shabaha. Nani alikaza bolti?"

"Mkwezi, yule mpanda milingoti wetu."

"Nenda kaziangalie."

Waya alichukua spana, akapanda mlingoti. Bolti zilikuwa nane. Aliijaribu ya kwanza. Haikusogea hata unywele. Ya pili vivyo hivyo. Mkwezi alikuwa mtu wa kukaza bolti kisha kuzipapasa kwa kidole gumba moja moja, kama mama anavyopapasa paji la mtoto mwenye homa. Zote nane zilikuwa zimekaza.

"Zimelegea?" Mhandisi aliuliza kutoka chini.

Juu pale palikuwa na upepo. Waya alilitazama lile paa la nyumba yao, mashuka yamepangwa safu kwa safu, na mkewe mdogo mdogo akipita katikati yake na beseni kiunoni.

"Kidogo," alisema.

Mkwezi alipewa barua Ijumaa. Ilikuwa na mistari mitano, na katikati yake neno *uzembe*. Mhandisi mwenyewe hakuiandika. Aliandika ripoti, na ripoti ikaenda kwa watu wanaoandika barua. Aliagiza pia vishikio vipya vya sahani, vizito zaidi, ambavyo vingefika baada ya wiki mbili. Vikishafungwa, hospitali ingefanya ukaguzi wa siku nzima: picha mia zirushwe, na zikikwama zaidi ya mbili, sahani zishushwe na mkataba ufutwe.

Mkwezi na Waya walianza kazi siku moja. Mkwezi alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na mazoea ya kumaliza kila sentensi kwa "ndugu yangu", hata anapoomba chumvi. Alipanda ngazi za nyumba ile jioni, kofia mkononi. Alimkuta Mama Pasi anakunja mashuka.

"Shemeji, unga wangu umemwagika," alisema.

"Kaa kwanza," Mama Pasi akasema, akamsogezea stuli. "Nani kaumwaga?"

"Bolti. Eti zilikuwa zimelegea. Mimi, shemeji! Miaka kumi na mmoja napanda milingoti, sijalegeza hata kifungo cha shati." Akamgeukia Waya aliyekuwa amesimama mlangoni. "Wewe ndiye uliyezikagua, ndugu yangu. Zilikuwa zimelegea kweli?"

Waya alisema garimoshi linatetemesha sana pale. Alisema bolti yoyote, hata ikikazwa na malaika, siku moja italegea. Alisema mambo mengi ya kweli.

"Basi huenda," Mkwezi alisema polepole. "Huenda niliteleza, ndugu yangu. Mtu hajijui." Akaitazama mikono yake, akaigeuza. Hilo ndilo lilimchoma Waya kuliko yote, kwamba yule mtu alianza kuishuku mikono yake mwenyewe.

Mama Pasi hakuwa na subira na huzuni ya kukaa. "Shemeji, wewe ni mtu wa vyuma. Boila yangu inanisumbua, na mkono mmoja hautoshi kunyonga mashuka ya wodi nzima. Kesho njoo. Si kazi ya cheo chako, lakini ni kazi."

"Shemeji, Mungu akuzidishie."

"Njoo saa kumi na moja alfajiri, na usije na hiyo sura. Mashuka yananyauka."

Hivyo ndivyo Mkwezi alivyoajiriwa kuwasha boila. Kila siku saa tatu na nusu alitia moto, saa nne alifungua valvu, na mvuke ukapanda kwenye bomba vizuri zaidi kuliko zamani, kwa kuwa alikuwa amezibua kutu yote. Mita chache juu ya kichwa chake picha za wagonjwa zilikwama. Alipomwona Waya anakimbia darajani na flashi, alimpungia mkono.

"Bado tu, ndugu yangu?" alipiga kelele siku moja.

"Bado!" Waya akajibu, akaendelea kukimbia.

"Ngojea vishikio vipya! Nisamehe!"

Mama Pasi hakuwa mtu wa kupekua mifuko ya mumewe, ila dobi hupekua mifuko yote, ni sehemu ya kazi. Siku nne kabla ya ukaguzi alichukua ovaroli ya Waya kuilowanisha, akalikuta daftari. Alilifungua kulihamisha tu. Macho yakatua kwenye Jumatano iliyofuata ziara ya Mhandisi, nayo ilikuwa tupu, katikati ya wiki, bila kukatika hata mara moja.

Jumatano hiyo aliikumbuka. Mpira wa boila ulikuwa umepasuka, akakaa siku nzima bila kupiga pasi, hospitali ikamfokea. Aliketi kwenye furushi, akachukua daftari lake mwenyewe la kuandikia mashuka, saa ya kuanza na ya kumaliza, akayaweka magotini bega kwa bega. Alisoma polepole, kidole huku, kidole kule. Siku ya magauni mengi, aliyomaliza saa sita na nusu, huko nako kulikatika hadi saa sita na nusu. Siku aliyochelewa kuwasha kwa ajili ya msiba wa jirani, huko nako kulichelewa.

Hakupiga kelele. Aliinua uso, akalitazama bomba. Halafu akazitazama sahani, moja huku, moja kule, na kwa jicho lake la kunyoosha kamba za nguo akavuta mstari kati yake. Ulipita pale pale.

Waya aliporudi jioni alikuta madaftari yote mawili mezani, yamefunguliwa. Chakula hakikuwapo.

"Ulijua lini?" mkewe aliuliza.

Waya alivua viatu kwanza. Alivivua kwa muda mrefu.

"Kabla Mhandisi hajaja," alisema.

"Kabla shemeji hajafukuzwa."

"Kabla."

"Na bolti zake?"

"Zilikuwa zimekaza."

Nje, Mkwezi alikuwa bado anaanua mashuka ya mwisho, anapiga mluzi.

"Nilifanya kwa ajili yako," Waya alisema. "Bomba likishuka, mwalimu anaandika barua. Tutaenda wapi? Unadhani kuna mtu anakupa paa zima na vyumba viwili?"

"Usinivike mimi hilo koti," Mama Pasi alisema, na sauti yake haikupanda. "Bomba ulinifungia mimi, nashukuru. Lakini hilo neno ulilolisema juu ya mlingoti, hukuniuliza. Mtu huyu anakula mezani kwangu. Ananiita shemeji. Ananiwashia moto unaomtia hatiani, na mimi namlipa kwa siku, namwambia asante!"

"Nisaidie kitu kimoja. Siku ya ukaguzi usiwashe."

"Halafu?"

"Nitapewa ajira ya kudumu. Nikishasimama imara nitamtetea, nitamrudisha polepole."

Mkewe alimtazama kama anavyotazama doa, akipima kama litatoka au shuka limekwisha. "Siku hiyo nitazima," akasema mwishowe. "Si kwa ajili ya ajira yako. Kuna watu watakuwa wamelala pale mezani. Lakini kesho yake saa tatu na nusu nawasha, maana mashuka hayangoji. Kati ya hapo na hapo utajua la kusema."

Siku ya ukaguzi ilikuwa angavu. Mkwezi aliambiwa boila inahitaji kusafishwa ndani, akashinda ameingiza mkono mpaka bega anakwangua chokaa. Mashuka mia na arobaini yalikaa kwenye mafurushi, yamekauka na mikunjo.

Katika chumba cha upasuaji walisimama mganga mkuu, daktari, Mhandisi na Waya aliyevaa shati jipya. Picha zilianza kurushwa saa mbili. Ilipofika saa nne, daktari aliitazama saa yake waziwazi, akakunja mikono kifuani. Saa nne na dakika kumi na saba picha ya kifua ikaingia nzima, mbavu zote, bila hata kusita. Garimoshi la mizigo likapita na madirisha yakalia. Picha ikaingia. Saa tano na nusu jingine likapita. Picha ikaingia. Jioni zilikuwa mia, hakuna iliyokwama.

Mganga mkuu alipiga makofi. Daktari alikuja akampa Waya mkono, kwa mara ya kwanza. "Leo miguu yako imepumzika, fundi," alisema, na safari hii wauguzi walipocheka kilikuwa kicheko cha upendo.

Mhandisi alifunga penseli ndani ya daftari. Alikuwa na furaha yake ya kimyakimya. "Vishikio vipya vimesema," alimwambia Waya walipobaki wawili. "Sasa tuna ushahidi. Ilikuwa ni ile kazi mbovu ya Mkwezi. Nilikuwa na wasiwasi, nakwambia kweli, nililala vibaya siku niliyoandika ile ripoti. Sasa nitalala." Akatoa bahasha. "Hii ni yako. Ajira ya kudumu. Kesho asubuhi nitapita tena nione data kabla ya treni, kisha naondoka."

Waya aliipokea. Alikuwa ameitamani barua hiyo miaka mitatu, na sasa ilikuwa mkononi, nyepesi, na aliona wazi ilivyopatikana. Kila picha iliyoingia nzima siku hiyo ilikuwa imepigilia msumari kwa Mkwezi. Kumrudisha polepole kusingewezekana tena. Hakuna mtu angerudishwa kinyume cha picha mia.

Nyumbani aliiweka bahasha mezani. Mama Pasi hakuigusa. Mkwezi alikuwa anavaa kofia yake aondoke, mikono imejaa chokaa.

"Zimeshika, ndugu yangu?"

"Zimeshika."

"Zote?"

"Zote mia."

Mkwezi alitikisa kichwa kwa muda, macho chini. "Basi ni kweli zilikuwa bolti zangu," alisema. "Afadhali nimejua. Nilikuwa bado nawadhania vibaya watu." Akaaga kwa adabu, akashuka ngazi.

Usiku ule bahasha ilibaki pale mezani, haijafunguliwa.

Asubuhi saa tatu na nusu Mkwezi alitia moto. Saa tatu na dakika hamsini Waya alitokea kwenye mlango wa ngazi, na nyuma yake Mhandisi, anahema kidogo, mkoba begani.

"Fundi, treni yangu ni saa tano," alikuwa anasema. "Hicho unachotaka kunionyesha kina haraka gani?" Kisha akamwona Mkwezi karibu na boila, akasimama. Mkwezi naye akavua kofia.

"Shikamoo, mhandisi."

"Marahaba," Mhandisi akajibu, aibu imemjaa usoni, maana hakutegemea kumkuta mtu huyo akichochea boila ya dobi.

Waya hakungoja ujasiri uje. "Shemeji yako anapofungua valvu," alimwambia Mkwezi, kisha akaona amekosea mtu wa kuanza naye, akamgeukia Mhandisi. "Mhandisi, tazama hapa. Mke wangu, fungua."

Mama Pasi alifungua valvu. Mvuke ukapanda kwenye bomba, ukatoka juu, ukaelea. Mhandisi aliufuata kwa macho. Aligeuka akaitazama sahani ya jengo la zamani, akageuka akaitazama ya jengo jipya. Hakuhitaji kuvuta mstari mara mbili. Simu yake ikalia mkobani. Ilikuwa hospitali; bila shaka picha imekwama.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Bomba hili liliwekwa lini?"

"Baada ya vipimo. Niliuweka mimi huo mlingoti, ni wenu, nilichukua mabaki bila ruhusa. Na bolti za Mkwezi hazikuwa zimelegea. Hata moja. Nilisema kidogo, lakini hata kidogo hazikuwa." Akatoa bahasha mfukoni, bado haijafunguliwa, akampa.

Mhandisi aliipokea, akaitia mkobani pamoja na simu iliyokuwa inaendelea kulia. "Zima," alimwambia Mama Pasi. Sauti ilikuwa ya mtu aliyehesabu usiku aliolala vizuri na kukuta ni mmoja tu.

"Nimezima," Mama Pasi alisema. "Na mvuke wangu usijali. Nimeshuka asubuhi kwa mwalimu wa ghorofa ya nne, nikamwuliza anataka bomba lielekee wapi. Anasema lishushwe, liinamishwe upande wa reli, kule hakuna dirisha la mtu. Anasema aliyaandika hayo kwenye barua yake ya pili." Akamtazama mumewe. "Hakuna aliyeisoma. Tulikuwa tumeogopa sana kuisoma."

Watu wote walimgeukia Mkwezi. Alikuwa amesimama na kofia mikononi, anaizungusha pole pole kwa ukingo. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza sauti ya mbali na hataki kuikosa. Waya alingoja tusi. Angelipokea kwa mikono miwili.

Mkwezi alivaa kofia. Akasogeza ngazi, akaiegemeza, akapanda kando ya bomba bila kuambiwa na mtu. Alipofika kwenye kiungo cha ule mlingoti wa mita tatu aliweka kidole gumba kwenye bolti ya kwanza, kama alivyozoea. Nati ikazunguka. Aliizungusha tena kwa kidole, mzunguko mzima, mbele ya macho yao wote. Akapapasa ya pili, ya tatu, ya nne.

"Hizi alizikaza nani?" aliuliza.

"Mimi," Waya akasema kutoka chini.

"Zimelegea."

Mhandisi alitoa penseli, akafungua ukurasa mpya wa ile ripoti. "Kidogo?" aliuliza.

"Hapana, mhandisi. Zimelegea." Kisha Mkwezi alishusha mkono, kiganja kimefunguka, bila kutazama chini. "Nipe spana, fundi."

Waya alingoja yale maneno mawili ya mwisho, *ndugu yangu*, yaliyomalizia kila sentensi ya mtu huyu kwa miaka mitatu. Hayakuja. Akapanda vipago viwili vya ngazi, akampa spana.